High Line: chungu cha nyasi juu ya mitaa ya New York

Anayetembea High Line, jijini New York, mwezi Septemba, hukuta nyasi za kimo cha kiuno zikiyumba juu ya barabara, na masuke mepesi kiasi kwamba majengo ya nyuma yanaonekana kupitia katikati yake. Vyuma vya reli ya zamani vinachungulia chini ya majani. Wageni wengi huondoka wakiamini kwamba mimea ile ilijiotea treni zilipoacha kupita, na kwamba kazi ya wabunifu ilikuwa kutandaza njia na kuweka mabenchi tu. Dhana hiyo ni sifa kubwa kwa waliopanda, lakini ni dhana potofu. Ukiacha kipande cha magharibi cha sehemu yake iitwayo Rail Yards, ambako uoto wa kujiotea uliachwa ulivyokuwa, nyasi za mwanzo ziling'olewa zote. Zinazopepea leo zilichorwa kwanza kwenye karatasi, zikakuzwa kitaluni, kisha zikapandwa kwa mkono mche kwa mche.

Reli yenyewe ilifunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya treni za mizigo. Kabla ya hapo treni zilipita chini, katikati ya watu na magari ya Tenth Avenue, zikaua wapita njia hadi jiji likaamua kuziinua juu ya nguzo za chuma, kiasi cha mita tisa kutoka barabarani. Malori yakaja yakaichukua biashara, na treni ya mwisho ikapita mwaka 1980. Kilichofuata kilikuwa kazi ya upepo na ndege. Mtaalamu wa mimea Richard Stalter, wa Chuo Kikuu cha St. John's, alipoorodhesha uoto wa juu ya reli hiyo alihesabu aina 161, zote zikiishi kwenye ukanda wa kokoto ambao hakuna aliyeumwagilia maji wala kuutia mbolea. Mwaka 1999 Joshua David na Robert Hammond walianzisha jumuiya ya Friends of the High Line ili reli isibomolewe, na picha alizoanza kuzipiga Joel Sternfeld mwaka uliofuata ndizo zilizowashawishi watu: njia ya chuma iliyomezwa na nyasi, na jiji kubwa limeizunguka pande zote.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kilichowavutia watu ni nyasi, na nyasi ndizo zisizoweza kubaki. Chuma kilikuwa kimepakwa rangi yenye madini ya risasi, saruji ilihitaji kuzibwa nyufa, na sakafu nzima ilipaswa kuwekewa kinga ya maji kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kutembea juu yake. Reli zikapewa alama moja moja, zikaondolewa, kisha zikarudishwa mahali pake. Kokoto na udongo vikafagiliwa vikaisha. Kampuni ya James Corner Field Operations na ile ya usanifu ya Diller Scofidio + Renfro zilibaki na sakafu tupu na picha za Sternfeld. Sehemu ya upandaji alikabidhiwa Mholanzi Piet Oudolf.

Oudolf, mzaliwa wa Haarlem mwaka 1944, hakuwa mgeni wa nyasi. Tangu mwaka 1982 yeye na mkewe Anja walikuwa wakiendesha kitalu cha miche katika kijiji cha Hummelo, mashariki ya Uholanzi. Mwaka 2004 ilifunguliwa Lurie Garden ya Chicago, bustani aliyoipanda juu ya paa la maegesho ya magari ya chini ya ardhi. Kwa hiyo alipofika New York alikwisha kujua jambo ambalo wengi hulisahau: bustani isiyogusa ardhi ni chungu cha maua, hata kama urefu wake unazidi kilomita mbili.

Na chungu kina sheria zake. Udongo wa High Line una kina cha wastani wa sentimita 45, basi. Chini yake kuna kitambaa cha kuchujia, tabaka la kupitisha maji, na saruji. Mzizi hauna pa kukimbilia. Majira ya baridi, ardhi ya kawaida huganda kutoka juu tu, lakini hapa baridi hupenya hata kutokea chini, kwa kuwa sakafu imening'inia hewani kama daraja. Kiangazi joto la majengo huukausha udongo upesi, na upepo wa mto Hudson hupita bila kizuizi. Mti mkubwa hupata taabu katika mazingira hayo. Maua laini huanguka. Nyasi huishi. Mizizi yake ni nyuzi nyingi nyembamba zinazokamata kila tone kwenye udongo mchache, majani yake membamba hayapotezi maji ovyo, na shina lake hupinda upepo unapopita.

Kuna faida nyingine ambayo mkulima wa mpunga au mtama ataielewa haraka kuliko msomi wa bustani. Nyasi ikilishwa kupita kiasi hulala. Shamba lililotiwa mbolea ya chumvichumvi kwa pupa hurefuka, hulainika, na mvua kubwa ya kwanza hulilaza chini. Nyasi za mapambo ni ndugu wa mtama na zina udhaifu uleule. Udongo duni wa juu ya reli, ambao kwa mtaalamu wa waridi ungekuwa balaa, kwa Oudolf ulikuwa msaada: nyasi zilibaki fupi kiasi, ngumu, zikasimama bila kufungwa vijiti. Mtu anayejaza samadi kwenye chungu cha nyasi kwa nia njema anajitengenezea kazi ya kuziegemeza.

Njia za kutembea nazo zilifanywa sehemu ya chungu. Hazikumwagwa kwa saruji ya kipande kimoja. Ziliundwa kwa mbao ndefu za zege zilizoachiana nafasi, na kwenye kingo mbao hizo huchongoka na kuingia kitaluni kama meno ya kitana. Maji ya mvua hupenya katikati yake yakaenda kwenye mizizi badala ya kukimbilia mferejini. Matokeo ya pili ni ya macho: hakuna mstari unaosema hapa njia imeisha na hapa bustani imeanza. Majani huchomoza kwenye nyufa za zege jinsi yalivyochomoza kwenye kokoto za zamani.

Tuje kwenye upandaji wenyewe, maana hapo ndipo penye ufundi.

Mpaka wa maua wa mtindo wa Kiingereza, ule uliojulikana dunia nzima kupitia kazi za Gertrude Jekyll, hupangwa kwa mafungu: fungu la aina moja, pembeni fungu la nyingine, na nyasi, kama zipo, huwa kando. Bustani za karne ya 19 zilizithamini nyasi kwa namna moja tu, yaani shina kubwa la nyasi za pampas kutoka Amerika Kusini, limesimamishwa peke yake katikati ya uwanja mfano wa sanamu. Oudolf aligeuza hesabu. Katika kipande cha Chelsea Grasslands, kati ya mtaa wa 17 na wa 20, nyasi ni sakafu na maua ni wageni. Sehemu kubwa ya eneo hufunikwa na nyasi chache za chini zinazorudiwarudiwa, na juu ya sakafu hiyo hutobolewa maua ya kudumu kama ekinasia, moja moja au matatu matatu, yakiwa yametawanyika kana kwamba mbegu zilibebwa na upepo.

Uchaguzi wa nyasi ya sakafu ndio uamuzi unaobeba kila kitu. Mojawapo ya zilizochaguliwa ni Sporobolus heterolepis, nyasi ya mbuga za Amerika Kaskazini. Majani yake ni membamba kama uzi, hutengeneza kitita kinachoinama pande zote kwa kimo cha sentimita 40 hivi, na masuke yake madogo ya Agosti hutoa harufu ambayo wengine huilinganisha na giligilani na wengine na bisi za mahindi. Sifa hizo ni za kupendeza, lakini si sababu ya kuchaguliwa. Sababu ni tabia: haitambai. Kila shina hubaki lilipopandwa kwa miaka mingi, likinenepa polepole, bila kutuma mizizi ya pembeni kumnyonga jirani. Kwa hiyo ua lililotobolewa katikati yake lina hakika ya kupata nafasi yake mwakani. Gharama ya tabia hiyo njema ni subira, maana Sporobolus huchukua misimu kadhaa kufikia ukubwa wake, na kitalu chake huonekana kipara katika mwaka wa kwanza. Mpandaji asiye na moyo huongeza miche katikati, na mwaka wa nne analia kwamba imesongamana.

Juu ya sakafu husimamishwa nyasi ndefu, chache, kwa hesabu. Molinia 'Transparent' hupandisha mabua membamba kupita kimo cha mtu mzima huku majani yake yakibaki chini. Mtu anaweza kuipanda mbele kabisa ya kitalu na bado akaona kilicho nyuma. Panicum virgatum 'Shenandoah' huanza kijani na kuingia wekundu wa divai kuanzia katikati ya kiangazi. Hii ya pili ina safari ya kuchekesha: ni nyasi ya asili ya Marekani, ikachaguliwa na kuboreshwa Ujerumani na mkulima wa vitalu Hans Simon, kisha ikarudi kwao kama bidhaa ya dukani yenye jina zuri.

Ujerumani ndiko somo hili lilikoanzia. Karl Foerster, aliyezaliwa mwaka 1874 na kuendesha kitalu chake Bornim, karibu na Potsdam, alikusanya na kuuza nyasi wakati wenzake wakiziona ni magugu. Mnamo miaka ya 1930 aliona katika bustani ya mimea ya Hamburg nyasi chotara iliyosimama wima mithili ya mkuki, akaitwaa. Leo inaitwa Calamagrostis × acutiflora 'Karl Foerster', haizai mbegu za kuota ovyo, na mwaka 2001 chama cha wakulima wa mimea ya kudumu cha Marekani kiliitangaza mmea wa mwaka. Ernst Pagels wa Leer, aliyefuata nyayo za Foerster, alishughulikia Miscanthus ya Asia, ambayo kaskazini ya Ulaya ilichelewa sana kutoa masuke, akapata aina zinazotoa mapema. Wajerumani wengine waliuvusha ujuzi huo hadi Marekani: Wolfgang Oehme, ambaye pamoja na James van Sweden walipanda mwaka 1977 bustani ya benki kuu jijini Washington kwa mafungu makubwa ya nyasi, na Kurt Bluemel, mwenye kitalu Maryland. Bluemel ndiye aliyepewa kazi ya kuotesha savana ya Kiafrika katika mbuga ya burudani ya Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida mwaka 1998. Twiga wa kule hutazamwa juu ya nyasi za Mjerumani.

Oudolf alichora mipango yake kwa kalamu za rangi, kwenye karatasi angavu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka: moja ikionyesha sakafu, nyingine mafungu, nyingine mimea ya kutawanya. Ramani hizo huonekana kama michoro ya mtoto mwenye subira, kumbe kila duara ni mche wenye jina. Bila ramani, kutawanya huwa fujo. Mkono wa binadamu, ukiachiwa kupanda ovyo, hupanda kwa mistari bila kujijua.

Halafu kuna kalenda. Mtunza bustani wa zamani alikata kila kilichokauka mara baridi ilipoingia. High Line huacha nyasi zisimame zikiwa kavu, rangi ya mkate, mpaka Machi. Masuke hushika umande na theluji, ndege hupata mbegu, na majani makavu huikinga shingo ya mmea, mahali machipukizi ya mwaka ujao yanapolala. Ifikapo Machi, wafanyakazi pamoja na watu wa kujitolea huingia na mikasi ya bustani na kukata kila kitu kwa mkono. Mashine hazifai kwa kuwa reli, njia na machipukizi vimeshikana. Kazi huchukua wiki kadhaa, na ina kikomo kisichojadiliwa: jani jipya likishapanda ndani ya lile la zamani, mkasi hauwezi tena kuyatenganisha, na nyasi hubaki na ncha zilizokatwa butu msimu mzima.

Mkasi huo unafanya kazi ambayo mbugani hufanywa na moto na meno. Nyasi za Amerika zilizoea moto na nyati wa kule. Themeda triandra, ile nyasi yenye wekundu inayotanda Serengeti, imezoea moto na nyumbu. Themeda isipoliwa wala kuungua kwa miaka kadhaa hujifunika kwa majani yake makavu, mwanga haufiki chini, na shina hudhoofika. Nyasi ya bustani isiyokatwa hupatwa na hayo hayo katika kipimo kidogo. Kwa hiyo sifa ya kwamba bustani ya namna hii haihitaji kazi ni ya wauzaji. Inahitaji kazi kubwa mara moja kwa mwaka, kisha palizi.

Nayo haikubaki ilivyochorwa. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Juni 2009, cha pili 2011, cha tatu Septemba 2014, na mafanikio yake yakavuta maghorofa. Maghorofa yakaleta kivuli. Nyasi za mbuga ni mimea ya jua kali. Zikikosa jua hulala na kukonda, na watunzaji wamelazimika kubadilisha mimea pale kivuli kilipoongezeka. Hilo ni funzo kwa wanaonunua mpango wa bustani kama picha ya ukutani.

Waigaji wa High Line wamekuwa wengi, na wengi wao wameiga orodha ya majina badala ya kanuni. Orodha ni hatari. Nyasi iliyopendwa sana vyunguni na barabarani ni Cenchrus setaceus, ambayo vitalu vingi bado huiita Pennisetum, yenye masuke laini yanayomwagika kama maji. Asili yake ni Afrika ya Kaskazini na ya Mashariki pamoja na Bara Arabu. Huko Hawaii, ilikopelekwa kama pambo mwanzoni mwa karne ya 20, ilitoroka bustanini ikatanda kwenye miamba ya volkano na kuleta mioto ambayo mimea ya huko haikuizoea. Umoja wa Ulaya uliiweka mwaka 2017 kwenye orodha ya viumbe vamizi visivyoruhusiwa kuuzwa. Nyasi za Kikuyu, zilizotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kuenea duniani kama zulia la viwanja, ziko kwenye orodha ya magugu hatari ya Marekani. Ile ya kwanza hukimbia kwa mbegu, ya pili kwa kutambaa. Ndugu wa ile ya kwanza mwenye majani ya zambarau, 'Rubrum', ni mpole zaidi, kwani ni nadra kutoa mbegu zinazoota na huzalishwa kwa kugawanya mashina. New York humuua kila baridi ikiingia, hivyo hununuliwa upya kila mwaka. Nairobi au Arusha mmea uleule huishi miaka.

Kwa msomaji mwenye baraza au ukingo wa ua, kanuni za High Line zinahamishika, ila si zote kwa namna ileile. Chukua tabaka la kokoto. Kule linafanya kazi kwa sababu maji yake yana njia ya kutokea hadi kwenye mabomba. Ndani ya chungu cha kawaida, kokoto za chini hazikaushi kitu, maana maji hujikusanya kwenye udongo ulio juu yake na mzizi hupunguziwa nafasi. Heri matundu mapana, na udongo wenye mchanga mkubwa kuanzia juu hadi chini, na mboji kidogo. Baridi inayopenya kutoka chini haituhusu. Linalotuhusu ni jua linalochoma chungu kutoka ubavuni. Chungu cha udongo wa kufinyanga, kipana, hukinga mizizi kuliko ndoo nyeusi ya plastiki.

Kalenda nayo inageuka. Penye masika, wakati wa kukata ni mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua kubwa kushuka. Aliyekata mapema mno hukaa na visiki vikavu kwa miezi. Kugawanya mashina hufanywa wakati huohuo, nyasi ikiwa inaanza kuchipua.

Anayetaka kujaribu bila gharama aanze na uwele. Mwaka 2003 uwele wa mapambo uitwao 'Purple Majesty', uliotokana na kazi ya David Andrews katika Chuo Kikuu cha Nebraska, ulipata nishani ya dhahabu ya All-America Selections. Ni uwele kweli, ndugu wa ule wa Dodoma na Kitui: miche yake huota kijani, hugeuka zambarau iliyokolea ikipata jua kali, hufika mita moja au moja na nusu, na ndege huyashambulia masuke yake. Unadumu msimu mmoja tu. Kwa ukingo wa kudumu, kabla ya kulipa, muulize mwenye kitalu maswali mawili: nyasi hii inabaki shina moja au inatambaa, na mbegu zake zinaota zenyewe? Asipojua, iache hapo hapo.